Gharama ya Kubebeshwa

Wanauchumi huita eksternaliti ile hasara inayozalishwa na biashara lakini haionekani katika bei wala katika vitabu vyake, kwa kuwa anayeilipa ni mtu mwingine. (Zipo na za faida, ila hapa nazungumzia hasara.) Mwingereza Arthur Pigou aliijengea hoja katika kitabu chake cha 1920. Tafsiri ya “gharama ya nje” siipendi. Msomaji wa Mombasa akisikia “nje” atafikiria shehena ya meli. Napendekeza gharama ya kubebeshwa, maana kitenzi hiki kinadai awepo aliyebebesha na aliyebebeshwa.

Chukua chupa ya plastiki ya maji inayouzwa dukani Mjambere, mtaa wa Mombasa. Bei yake ina maji, chupa, usafiri na faida ya mwenye duka. Kuokotwa kwake hakumo. Ikiziba mtaro mvua ya masika ikashuka, anayeloa godoro huenda hajawahi kuinunua chupa hiyo. Mwenye duka naye hesabu zake haziguswi. Hata akiona haya na kutafuta kifungashio safi zaidi, akipandisha bei kwa shilingi tano wateja watahamia duka la jirani. Biashara nyingi zinakwama hapo, hata za watu wema.

Ndiyo maana katazo la Kenya la mifuko ya plastiki la tarehe 28 Agosti 2017 lilifanya kazi haraka kuliko miaka ya mawaidha. Faini ilikuwa shilingi milioni 2 hadi 4, na lilianza kwa wote siku moja, kwa hiyo hakuna aliyeogopa kupokonywa wateja na jirani.

Lakini mfano unaoniuma uko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Changamwe. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukutani mwa makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Kuzuia moshi na majitaka kungegharimu fedha. Kutozuia kulikuwa bure kwa kiwanda. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, aliongoza madai. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hukumu ya 2020 iliigawa fidia hiyo kati ya wenye biashara na taasisi za serikali zilizozembea, ikiwamo NEMA, mamlaka ya mazingira. Fungu la serikali hutoka kwa mlipa kodi, yaani sehemu ya mzigo imebebeshwa tena.

Sheria ya udhibiti wa taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Ikitekelezwa, kuokotwa kwa ile chupa ya Mjambere kutaingia katika hesabu za aliyeitengeneza kabla haijapakiwa kwenye lori.