Dakika ya 97 Nyamagana

Ukitoka Nyakato kwa daladala kuelekea mjini Mwanza, safari haichukui muda mrefu kufika Nyamagana. Uwanja huo sasa una nyasi bandia, na mechi kubwa za jiji huchezwa Kirumba. Lakini mtajie Mwanza mzee wa Yanga: kabla hajauliza habari za sato na sangara, atakutajia Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974, siku Sunday Manara alipoinyang'anya Simba ubingwa.

Yanga ilikuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Mwaka 1973 kombe likahamia Msimbazi, kwa Simba. Na Simba ile haikuwa timu ya kubeza, kwani mwaka huohuo wa 1974 iliitoa Hearts of Oak ya Ghana na kufika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, ikaja kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Hiyo ndiyo timu ambayo Yanga ilikutana nayo Nyamagana, mbali na Dar es Salaam, bingwa wa nchi apatikane.

Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16. Kisha Yanga ikahangaika saa nzima na zaidi bila kupata kitu. Zilibaki dakika tatu tu mpira umalizike Gibson Sembuli, mtu wa mashuti mazito, aliposawazisha. Wakaingia dakika za nyongeza, na dakika ya 97 Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1.

Hakuna picha ya televisheni ya bao hilo, maana Tanzania Bara haikupata televisheni hadi miaka ya 1990. Waliokuwa mbali na uwanja walitegemea redio, na kila msimuliaji amelipamba bao hilo apendavyo. Hapo ndipo inapoonekana tofauti yetu na Waingereza. Simba yenyewe, hadi 1971, iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza ambayo mshambuliaji wake Raich Carter alifunga mabao 31 ya ligi msimu wa 1935–36, akabeba ubingwa, na mwaka uliofuata akawa nahodha wa timu iliyotwaa Kombe la FA. Mabao ya Carter yamehesabiwa moja moja. Ya Manara hayakupata karani wa namna hiyo. Yanaishi vinywani mwa watu, na mimi naona hesabu ya vinywa, pamoja na chumvi zake zote, imemtendea haki kuliko tunavyodhani. Manara aliitwa Kompyuta, na mtu haitwi jina hilo bure, tena katika nchi ambayo wengi walikuwa hawajaiona kompyuta.

Manara hakuwa mwanasoka pekee nyumbani kwao. Kaka yake, Kitwana, alianza soka akiwa kipa kabla ya kugeuka mshambuliaji. Mwingine, Kassim, naye alicheza mpira. Uwanjani nako, mwanzoni mwa 1975 Yanga iliifunga Simba tena, 2-0, katika fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati iliyochezwa Zanzibar. Halafu ukaja mgogoro. Klabu ikapasuka, wachezaji waliotoka wakaunda Pan African, na Sunday akawa miongoni mwao. Julai 1977 Simba iliichapa Yanga 6-0, kipigo ambacho watu wa Jangwani hawapendi kukumbushwa, na ambacho hakielezeki vizuri bila kutaja waliokuwa wameondoka.

Sunday alikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na Heracles ya Uholanzi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza Marekani, Austria na Dubai.

Mwanawe, Haji, alikuja kuwa msemaji maarufu kuliko wote katika soka la Tanzania. Aliisemea Simba kwa miaka kadhaa, hadi 2021 alipohamia Yanga.