Gari la bei chee lingepata soko Tabora?

JANUARI 10, 2008, kampuni ya Tata Motors ya India ilizindua mjini New Delhi gari dogo la watu wanne, Nano, na kuahidi kuliuza rupia 100,000, takriban shilingi milioni tatu za Tanzania kwa thamani ya wakati ule. Mwenyekiti wake, Ratan Tata, alisema wazo lilimjia kwa kuona familia nzima imepandana juu ya skuta moja. Tanzania upakiaji huo huitwa mishikaki, na ni kosa kisheria.

Uzalishaji wa Nano ulikoma mwaka 2018. Mishikaki haijakoma, na ndiyo maana swali la gari la mtu wa kipato cha chini halijafungwa, hasa katika mkoa kama Tabora.

Mkoa huo ndio mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, kilomita za mraba zipatazo 76,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wapatao milioni 3.4. Umbali ni gharama ya kale huko. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita Tabora katika njia ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Reli iliyofika mwaka 1912 iliwaondolea kazi hiyo kwenye njia kuu. Vijijini, tumbaku na asali viliendelea kusafiri kichwani, kisha kwa baiskeli.

Kwa mizani hiyo, Nano lilikuwa na kasoro ambayo bei isingeifuta: matoleo ya mwanzo hayakuwa na mlango wa nyuma unaofunguka. Gunia la mpunga lingepitishwa milango ya abiria. Injini yake ya sentimita za ujazo 623 na magurudumu yake madogo vilikusudiwa barabara za mjini.

Bei nayo isingebaki ileile. Mwaka 2009, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa gari lililokamilika ulikuwa asilimia 25, na VAT nchini ikashushwa hadi asilimia 18. Viwili hivyo pekee, kimoja kikitozwa juu ya kingine, huongeza karibu nusu ya thamani ya gari bandarini, kabla ya kulisafirisha zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora. Kwa fedha hizo mnunuzi angetazama Toyota kuukuu kutoka Japani, ambayo fundi wa mtaani anaijua na vipuri vyake havitafutwi mbali.

Chini ya Toyota, nafasi ilikwisha kukaliwa. Kanuni za mwaka 2010 zilirasimisha pikipiki na bajaji kubeba abiria, na vijana wasio na mtaji walipata mlango wa mkataba: mwenye pikipiki hupokea hesabu ya kila siku, na muda waliokubaliana ukiisha chombo huwa cha dereva. Hakuna benki inayohitajika, wala hati ya nyumba.

Hata India kwenyewe, mauzo ya Nano hayakuwahi kufika 75,000 kwa mwaka, ilhali kiwanda cha Sanand kilijengwa kutoa magari 250,000. Wengi hawakutaka kuonekana ndani ya gari lililotangazwa kuwa la bei ya chini kuliko yote, jambo ambalo wauzaji walichelewa kulielewa.

Kampuni ya Bajaj, ambayo jina lake limekwisha kuwa neno la Kiswahili, ilichukua njia nyingine. Mwaka 2012 ilionyesha chombo cha magurudumu manne chenye injini ndogo, ambacho baadaye kiliitwa Qute, kikilengwa kwa madereva wa bajaji. Chombo cha aina hiyo kina paa la mvua na kiti cha mama mjamzito anayewahishwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Tabora, kinachobaki kuonekana ni kama kuna mwenye mtaji atakayekubali kukitoa kwa mkataba, na kwa hesabu ya shilingi ngapi kwa siku.