Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa: Umuhimu wa Kutambua Bakteria wa Kwenye Chakula Kabla ya Tiba

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA) ni hali inayotokea pale bakteria au vimelea wengine wanapoendelea kuishi licha ya kutumiwa dawa iliyokuwa ikiwaua. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) yanaonesha kuwa usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Kwa wakazi wa Mbagala, Manispaa ya Temeke, suala hili linagusa chakula cha kila siku. Nyama ya kuku, maziwa yasiyochemshwa na kachumbari isiyooshwa vizuri vinaweza kubeba bakteria kama Salmonela na E. koli. Usugu huweza kuanzia bandani: mfugaji anapowapa kuku antibiotiki bila ushauri wa daktari wa mifugo, bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaliana. Hatimaye huingia jikoni kupitia nyama mbichi, kisu au ubao wa kukatia.

Kuhara, kutapika na homa havitoshi kumtambulisha kimelea, kwani dalili hizo husababishwa pia na virusi, ambao hawauawi na antibiotiki. Maabara hupokea sampuli ya choo, damu au chakula na kuiotesha katika chombo chenye lishe ya bakteria, kwa joto la nyuzi 35 hadi 37. Bakteria wakishaota na kutambuliwa, hupandwa upya na kuwekewa vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Upana wa eneo wasipoota kuzunguka kila kipande hupimwa kwa milimita, na huonesha dawa ipi bado inafanya kazi. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa.

Tofauti hiyo inaonekana katika homa ya matumbo. Kipimo cha Widal huangalia kingamwili zilizomo katika damu, ambazo huweza kuwa zimetokana na maambukizi ya zamani au ya kimelea kingine. Kuotesha damu ndiko kunakothibitisha kuwapo kwa bakteria mwenyewe.

Serikali ilitekeleza Mpango Kazi wa kwanza wa Taifa wa kupambana na UVIDA kati ya mwaka 2017 na 2022, ukafuatiwa na wa pili wa 2023 hadi 2028, chini ya dhana ya Afya Moja inayounganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira. TMDA inadhibiti dawa, TBS inasimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA), wenye makao yake Temeke, unachunguza magonjwa ya mifugo.

Wananchi wanakumbushwa kutonunua antibiotiki bila cheti cha daktari, kumaliza dozi waliyoandikiwa na kutogawana dawa. Wafugaji wazingatie muda wa kusubiri kabla ya kuchinja kuku waliotibiwa. Nyama ipikwe hadi ndani ifikie nyuzi joto 70. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki. Akiwa na damu kwenye choo, homa kali au akishindwa kunywa, apelekwe haraka kituo cha afya.