Mji Ulioanza na Mahema

Ukiingia ofisi moja hapa Kakuma utakuta ramani kubwa ukutani. Barabara zipo, shule zipo, bomba za maji zipo. Mtaa wetu haupo. Pale tulipojenga, ramani inaonyesha ardhi tupu.

Mwaka jana jirani yangu alishikwa na uchungu usiku. Gari la wagonjwa lilizunguka, likashindwa kutupata. Tukambeba juu ya kitanda kuelekea barabarani, mtoto akazaliwa njiani. Wote wawili wazima, namshukuru Mungu. Asubuhi nikaenda ofisini kuuliza. Kijana akanijibu kwa upole: "Mwalimu, ramani ni ya zamani. Halafu nyie pale ni wa muda tu."

Hilo neno "wa muda" nilishakutana nalo katika historia ya Nairobi. Basi nikatoa darasa langu uwanjani, tukiwa na kamba na kijiti. Tulikubaliana kila kilomita moja iwe sentimita 10.

Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, penye maji baridi ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nairobi. Mji haukuwepo. Yalikuwepo mahema, stoo za vifaa vya reli na matope. Mwaka 1900 serikali ya kikoloni ikaweka mpaka wa kwanza: duara la maili moja na nusu kutoka ofisi ya mtawala. Kwa kamba yetu, sentimita 24. Mwaka 1927 mpaka ukasogezwa, eneo likafika kama kilomita za mraba 77. Tukichora kama duara, kamba ni nusu mita. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, eneo likapita kilomita za mraba 680. Hapo kamba ilikuwa karibu mita moja na nusu.

Wanafunzi walidhani tumemaliza, maana mpaka ule haujabadilika sana hadi leo. Nikawatuma laga kuokota kokoto. Kokoto moja, watu 10,000. Mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu kama 119,000: kokoto 12. Sensa ya 1969 ilihesabu 509,286: kokoto 51. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073: kokoto 440! Zikajaa, zikapandana, nyingine zikavuka mstari. Nikawaambia hizo zilizovuka ni kama watu wa Ruiru, Ongata Rongai na Kitengela. Wengi wao wanalala nje ya mpaka, asubuhi wanaingia Nairobi kazini. Mstari umesimama, watu hawajasimama.

Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, kwenye lile duara dogo Waafrika walikaa wapi?"

Swali zuri. Wakoloni waliwahitaji Waafrika kwa kazi, lakini waliwahesabu kama wapita njia. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanaume alitembea na kipande shingoni. Pumwani ilitengwa kuwa mtaa wao, ila nyumba hazikutosha. Mtu wa muda, ati, unamjengea ya nini? Kule Kibera, Waingereza waliwaweka askari wao Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, bila kuwapa hati ya ardhi. Vizazi vikapita. Ni mwaka 2017 ndipo serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288. Huo "muda" ulizidi miaka 100.

Na kwenye ramani? Hadi mwaka 2009, ramani nyingi zilionyesha Kibera kama nafasi tupu au msitu, huku watu wamebanana nyumba kwa nyumba. Mwaka huo vijana wa hapo hapo wakazunguka vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaweka alama kwenye bomba, vyoo, shule na zahanati. Mradi wao unaitwa Map Kibera.

Sisi GPS hatuna. Wiki iliyofuata tulipima kwa hatua, kamba na daftari. Tumechora njia zetu zote, bomba mbili, vyoo, kanisa, msikiti, duka la unga, na laga inayotukata mvua ikinyesha. Tumechora pia nyumba za majirani zetu Waturkana, maana nao hawamo kwenye ile ramani ya ukutani.

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nakala moja nimeiacha ofisini kwenu. Nyingine iko shuleni, njooni muikosoe. Sisi tunajua tulikotoka, na wengi bado tunaota kurudi. Hatuombi mtuite mji. Ila Nairobi inatufundisha kwamba "wa muda" wanazaa, wanazeeka na wanazikana palepale, ramani ipende isipende. Mtoto wa jirani yangu sasa anatambaa. Mama mwingine akishikwa na uchungu usiku, gari lijue pa kuja.