Mnara Uliokimbia Bahari

Juzi nilikuwa kwenye daladala, barabara ya Bagamoyo, konda akaita kama kawaida yao: "Africana! Wa Africana msogee mlangoni!" Jina hilo nimelisikia miaka yote na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Nikamgeukia mzee niliyekaa naye. Shikamoo mzee, hii Africana ilikuwa nini hasa?

"Marahaba. Ilikuwa hoteli, kijana. Bahari imekula."

Ni kweli. Hoteli ya Africana ilikuwa ufukweni, ardhi ikamomonyoka hadi ikaachwa. Wataalamu waliochunguza pwani ile ya Kunduchi wametaja, pamoja na sababu nyingine, uchimbaji wa mchanga kwenye mito. Mchanga ambao mto ungeupeleka ufukweni ulipakiwa kwenye malori ukaenda kujenga nyumba zetu. Kilichobaki ni jina la kituo.

Tangu siku hiyo nina swali moja kichwani. Bahari ikija kuchukua kitu tunachokipenda, tufanye nini? Tupambane nayo, tusogee, au tuiache ichukue? Katika kupekua-pekua nimekuta watu waliohangaika na swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 60. Ni watu wa kisiwa cha Hatteras, jimbo la North Carolina, Marekani, na walichokuwa wanakigombania ni mnara wa taa ya mabaharia.

Kwanza tuelewe kwa nini mnara ule ulikuwepo. Mbele ya Hatteras kuna mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji, yanaitwa Diamond Shoals. Yamezamisha meli nyingi sana, kiasi kwamba eneo lile likabatizwa jina la Makaburi ya Atlantiki. Mnara wa kwanza uliwashwa mwaka 1803, lakini mabaharia waliulalamikia kuwa ni mfupi na taa yake hafifu. Ukajengwa mwingine, ukawashwa Desemba 1870. Huu haukuwa wa mchezo: urefu wa mita 60, matofali kama 1,250,000. Mwaka 1873 ukapakwa mistari myeusi na myeupe inayouzunguka kama kamba, ili nahodha autambue hata mchana.

Msingi wake ndio ulionishangaza zaidi. Mafundi walipochimba walikutana na maji. Badala ya kuhangaika kuyamaliza, walilaza magogo ya msonobari ndani ya maji hayo baridi, wakapanga mawe juu yake, halafu matofali. Mbao zikizama kwenye maji baridi haziozi kirahisi. Lakini maji ya chumvi yakifika, habari ni nyingine.

Na chumvi ilikuwa njiani. Mwaka 1870 mnara ulikuwa karibu mita 457 kutoka baharini. Ilipofika 1935 zilibaki kama mita 30, na mawimbi yakaanza kugusa chini yake. Mwaka 1936 ukazimwa, taa ikahamishiwa kwenye mnara wa vyuma mbali na ufukwe. Ufuo ukapata nafuu kidogo, mnara ukawashwa tena 1950.

Hapo ndipo mapambano yalipoanza kweli kweli. Walitengeneza vilima vya mchanga. Walimwaga mchanga mpya ufukweni zaidi ya mara moja. Walijenga kuta zinazoingia baharini ili zinase mchanga unaopita. Walipanga viroba. Hata majani bandia ya plastiki waliyazamisha baharini, wakitumaini yatatuliza maji! Bahari ikaendelea na kazi yake. Mwaka 1980 dhoruba ilifagia mabaki ya ule mnara wa 1803, uliokuwa jirani tu.

Mwaka 1988 jopo la wanasayansi likatoa jibu ambalo wengi hawakutaka kulisikia: uhamisheni. Wakapingwa vikali. Wapo waliosema utapasuka njiani, wapo waliosema fedha zitateketea. Wenyeji wengine walikuwa na hoja nzito zaidi, kwamba mnara ukiondoka, nani atajali tena kuulinda ufukwe wao?

Mabishano yakaenda miaka 11. Mwaka 1999 wakaukata kwenye msingi, wakaunyanyua kwa jeki, wakausukuma juu ya vyuma hatua kwa hatua. Tani karibu 4,400! Walianza Juni 17, wakafika Julai 9, mita 884 kutoka pale uliposimama mwanzo. Gharama ilikuwa karibu dola milioni 12. Nyumba za walinzi wa taa nazo zilihamishwa, zikapangwa vile vile zilivyokuwa. Mnara haukupasuka.

Pale wa zamani waliacha mawe ya msingi, wakayachonga majina ya walinzi 83 wa taa ile. Baada ya miaka michache bahari ikaanza kuyafukia. Mwaka 2015 nayo yakahamishwa, yakaufuata mnara.

Je, wale wenyeji walikosea? Sidhani. Tangu 2020 nyumba zaidi ya 10 za ufukweni kisiwani humo zimeanguka baharini, na hakuna aliyezibeba kwa jeki. Mnara ulikuwa na serikali nyuma yake. Mwenye nyumba ana bima yake na Mungu wake.

Ninachokichukua mimi ni hiki: wenzetu walikuwa wanapima. Waliposema "uhamisheni" walikuwa na hesabu mkononi, mita 457, mita 30, mwaka gani na mwaka gani. Aliyebishana alibishana na namba. Sisi tuna mnara wa Ras Nungwi wa mwaka 1886, na wa Chumbe wa 1904. Tuna misikiti ya kale, makaburi na masoko ya samaki kandokando ya bahari. Ni nani kati yetu anaweza kutaja zimebaki mita ngapi?

Yule mzee alishuka kabla yangu. Sikumuuliza kama aliwahi kuingia kwenye hoteli ile. Nimejuta. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa pwani, muulize maji yalikuwa yanaishia wapi alipokuwa mdogo, kisha nenda na futi kamba ukapime. Andika tarehe.

Tuko pamoja.