Upana wa Chumba ni Urefu wa Boriti

Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja, chumba hurefuka kadiri mwenye nyumba anavyotaka, ila upana wake ni nadra kupita meta 3. Sababu imo darini. Dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na mkoko mnyoofu wenye unene wa kutosha ukilazwa juu ya nafasi pana kuliko hiyo hupinda kwa uzito ulio juu yake. Mti unaoota kwenye tope la bahari ndio uliopima vyumba vya waungwana na kumbi za masultani kwa takriban miaka elfu moja.

Ujenzi wa mawe haukuanza siku moja. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa mambo ya kale ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ya chini ilikuwa ya miti na udongo. Mawe yalikuja katika karne ya 10, nayo yalikuwa matumbawe yaliyokatwa baharini. Kufikia mwaka 1107, tarehe iliyochongwa kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mafundi wa pwani walikuwa wamekwisha kulimudu jiwe hilo kiasi cha kulipamba kwa maandishi.

Mafundi walitofautisha mawe ya aina mbili. Tumbawe la bahari, likiwa bado bichi, ni laini. Huchongwa kwa tezo kama mbao, kisha hukauka na kuwa gumu. Hilo liliwekwa akiba kwa kazi za heshima: kibla, vizingiti, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Ukuta wenyewe ulijengwa kwa jiwe la uwanda, yaani mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Ni jiwe lenye matundu na lisilo na umbo, halipangiki kama tofali. Kwa hiyo ukuta ulinenepeshwa hadi nusu meta na zaidi, mawe yakashikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na pande zote mbili zikapigwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo si pambo tu. Ndiyo ngozi ya ukuta: ikipasuka, mvua hupenya, udongo ulioko ndani huoshwa, na ukuta huanza kufura tumbo.

Chokaa ilipatikana kwa matumbawe yale yale. Magogo hupangwa kwa duara hadi kufikia kimo cha mtu, katikati ukiachwa uwazi kama bomba la moshi, na vipande vya tumbawe hurundikwa juu. Moto hutiwa kupitia ule uwazi na kuachwa uwake usiku kucha. Asubuhi hubaki rundo jeupe, ambalo hunyunyiziwa maji au huachwa linyeshewe na mvua mpaka likafumuka na kuwa unga. Fundi mzuri hakuitumia chokaa upesi. Aliiacha ikae miezi ili ipoe sawasawa. Kwa miti iliyoteketea humo, kazi hii iliigharimu sana misitu, na si haki kusema kwamba wazee walijenga bila kuyadhuru mazingira. Hata hivyo chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi, ilhali saruji huhitaji karibu nyuzi 1,450, na lipu ya chokaa inapokauka hurudisha kutoka hewani sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyotoka ndani ya jiwe wakati wa kuchomwa.

Kazi iliyokusanya watu wengi zaidi ilikuwa ya dari. Boriti zilipangwa karibu karibu, ncha zake zikiingizwa ndani ya kuta mbili. Juu yake yalilazwa mawe bapa ya tumbawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, unene wa sentimeta 20 hadi 30. Hapo ndipo kupigilia kulipoanza. Watu walijipanga kwa safu wakiwa na vijiti, wakaipiga sakafu kwa mapigo ya wimbo, siku baada ya siku, mpaka kokoto zikashikana na maji ya chokaa yakapanda juu na kuufanya uso kuwa laini. Kila meta ya mraba ya dari hiyo ina uzito wa mamia ya kilo, na mzigo wote huo unakaa juu ya vijiti vya mikoko. Mkoko uliaminiwa kwa kuwa mti wake ni mzito na mgumu, na mchwa hawaupendi. Wakata miti wa Lamu waliupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo, na kila jina lilikuwa na bei yake.

Kilwa Kisiwani walijaribu kuuvuka mpaka wa boriti. Mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, msikiti mkuu ulipanuliwa kwa makuba na matao ya chokaa na mawe badala ya dari ya boriti. Kuba hugeuza sehemu kubwa ya uzito kuwa mgandamizo, na mgandamizo ndio unaovumiliwa vyema na jiwe la tumbawe. Ila kuba pia husukuma kuta kwa nje. Upanuzi huo ulibomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15. Nyumba za kawaida ziliendelea na boriti.

Boriti hizo hazikujenga pwani ya Waswahili peke yake. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Ghuba ya Uajemi ina uhaba wa miti ya kujengea, na majahazi yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende yalirudi na kusi yakiwa na boriti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alisafiri na jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia mikoko. Huko Ghuba mti huo huitwa chandal, na vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain vina upana ule ule wa vyumba vya Lamu. Fedha za mafuta na zege viliipunguza biashara hiyo. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje.

Unguja, mpaka ulivunjwa kwa chuma. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa na kuta nene za mawe kama desturi, lakini nguzo za chuma na mihimili ya chuma viliruhusu kumbi na baraza pana ambazo boriti isingezibeba. Chuma kwenye hewa ya chumvi kina adui yake: kutu hukivimbisha na kulipasua jiwe linalokishika. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka na watu wawili wakafariki.

Saruji ilikuja na viwanda: Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1954, na Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Vyote viwili huchimba mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lile lile la waashi wa zamani, ila hulichoma katika tanuri zenye joto kubwa zaidi. Hasara kwa nyumba za kale ilikuwa pale lipu ya saruji ilipopakwa juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, na unyevu huo hutafuta ncha za boriti zilizofichwa ukutani na kuziozesha.

Ukarabati wa leo unalazimika kurudi kwenye vipimo vya zamani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ziliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, fundi anayebadili boriti iliyooza huanza kwa kuitegemeza dari kwa nguzo za muda, kisha huchimbua jiwe kuizunguka ncha, akaichomoa ile mbovu na kuipenyeza mpya kwa mshazari, upande mmoja kwanza. Tundu linalobaki hulijaza kwa vipande vya tumbawe na chokaa iliyokwisha poa, na nguzo za muda hubaki mahali pake mpaka chokaa ishike.