Michango ya harusi (Dar es Salaam)

Fedha ambazo ndugu, majirani na wafanyakazi wenza hutoa kugharimia sherehe ya ndoa. Kuanzia Temeke hadi Kinyerezi, kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina hugawa kadi, huandika ahadi, kisha hudai. Kiwango huamua kama mtu ataingia ukumbini peke yake au na mwenza.

Kwa fundi au mama ntilie anayeishi kwa kipato cha siku, mzigo huo ni mzito, na sherehe za kabla ya harusi, yaani sendofu na kicheni pati, huuongeza. Lakini kukwepa huhesabiwa uchoyo: asiyechangia wenzake hukosa wa kumchangia anapomwoza mwanawe.

Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, ahadi hulipwa kwa simu. Siku hizi orodha ya waliolipa husambazwa WhatsApp, jambo linalowaumiza mno wasio na kitu.